Kwa nini huku wanaua majike

 

Najua nimeadimika. Zamu za usiku zimenibana, wauguzi wawili wa wodi yetu wako likizo ya uzazi, na nikirudi asubuhi ni kuoga na kulala tu. Lakini leo niko mapumziko, chai iko mezani, na nina deni la kulipa kwa Baba Mkubwa.

Mnakumbuka ile picha niliyowatumia ya pikapu ya jirani yangu, nyuma amelazwa kulungu? Jamani, simu hazikukatika! Mama aliuliza kama nyama yake inaliwa. (Inaliwa Mama, tena tamu, haina mafuta kabisa.) Mdogo wangu akauliza bunduki inauzwaje. Baba Mkubwa yeye alivaa miwani, akaitazama picha vizuri, halafu akaniuliza swali moja: "Mbona huyu hana pembe? Huyu si jike? Huko mnaua majike?" Nikamjibu ndiyo, na vibali vinatolewa na serikali ya jimbo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Anayeua jike anaua zizi," akamrudishia Mama simu.

Siku ile sikuwa na jibu. Nimekaa Pennsylvania miaka kadhaa sasa na kila mwaka naona watu wakivaa nguo za rangi ya chungwa na kuingia msituni, lakini sikuwahi kuuliza kwa nini. Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Nikakuta ni hadithi ya zaidi ya miaka mia moja, na wazee wa hapa waliwahi kusema maneno yaleyale ya Baba Mkubwa. Leo nawasimulia.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Namwita kulungu kwa sababu sina jina lingine, lakini si yule kulungu wa porini kwetu. Huyu ana mkia mweupe kwa chini, akishtuka anauinua kama kitambaa. Dume ana pembe zenye matawi, na pembe hizo si za kudumu: zinadondoka kila mwaka wakati wa baridi, halafu zinaota upya. Jike kwa kawaida hana pembe. Wanapandana zaidi katikati ya Novemba, mimba inachukua siku kama 200, na watoto wanazaliwa mwishoni mwa Mei na Juni. Jike mzima aliyeshiba mara nyingi anazaa mapacha. Shikeni hizo tarehe, tutazirudia.

Sasa turudi nyuma. Mwishoni mwa karne ya 19 kulungu wa Pennsylvania walikaribia kwisha kabisa. Misitu ilikatwa karibu yote kwa ajili ya mbao, na magome ya miti yalichukuliwa viwandani kutengenezea ngozi. Watu waliwinda mwaka mzima na kuuza nyama sokoni. Mwaka 1895 jimbo likaunda Tume ya Wanyamapori ya Pennsylvania. Katibu wake wa miaka ya mwanzo aliitwa Joseph Kalbfus, na kazi yake ilikuwa ngumu kwelikweli, maana hakukuwa na wanyama wa kutosha wa kulinda. Mwaka 1905 wakatenga hifadhi ya kwanza ambamo uwindaji ulikatazwa, na kuanzia 1906 wakawa wananunua kulungu kutoka jimbo la Michigan na kuwaachia msituni huku. Fikirieni, mnyama ambaye leo anagongwa na magari kila siku, wakati huo aliletwa akiwa ndani ya kreti!

Halafu mwaka 1907 ikatungwa sheria ambayo Baba Mkubwa angeipigia makofi: ni marufuku kuua jike, anayeruhusiwa ni dume mwenye pembe tu. Mwaka huo wawindaji wa jimbo zima walipata madume kama 200. Watu walipinga mwanzoni, lakini Tume iliwafundisha bila kuchoka: mwindaji mwema hagusi jike, na anayeua jike hana aibu. Baba akamfundisha mwanawe, mwana akamfundisha mjukuu. Ikawa kama dini.

Na ilifanya kazi. Ilifanya kazi mno.

Miti iliyokatwa ilichipua. Kulungu hategemei nyasi kama ng'ombe, chakula chake wakati wa baridi ni ncha za matawi na machipukizi, na msitu mchanga wote ulikuwa machipukizi yaliyo usawa wa mdomo wake. Chakula tele, majike hayauawi, mbwa mwitu walishamalizwa zamani. Kufikia 1927 wawindaji walikuwa wakipata madume zaidi ya 14,000 kwa mwaka. Wakulima wakaanza kulia mashamba yanaliwa. Msituni, miti ilirefuka na matawi yakapanda juu ambako kulungu hafiki. Baridi ikija na theluji ikikaa, wakawa wanakutwa wamekufa kwa njaa, na waliokufa wengi walikuwa watoto, kwa sababu hawana akiba ya mafuta mwilini na shingo zao ni fupi.

Hapo niwaonyeshe hesabu, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wote ulipo. Chukueni mfano wa majike 100 na madume 100. Waueni madume 80. Mwaka ujao watoto watapungua? Hapana. Madume 20 waliobaki wanawatosha majike wote 100, na watoto watazaliwa 150 au zaidi. Kwa hiyo kuua madume peke yao hakupunguzi idadi. Idadi iko tumboni mwa jike.

Kalbfus aliliona hili mapema. Mwaka 1917, miaka kumi tu baada ya sheria, alipendekeza kila mwaka wa nne madume wapumzishwe na majike wawindwe. Hakusikilizwa, na 1919 akafariki. Mwaka 1923 Tume ikajaribu kuruhusu majike katika sehemu chache, wawindaji wengi wakasusa. Ndipo 1928 ikachukua hatua nzito: madume yalifungwa jimbo zima, wakaruhusiwa wasio na pembe peke yao. Watu waliandamana kwa barua, kwa mikutano na hata mahakamani. Hata hivyo waliuawa kama 25,000. Mwaka 1938 Tume ikarudia tena, madume yakafungwa, na safari hii wakauawa wasio na pembe zaidi ya 170,000.

Niwape neno moja la mtu wa hapa. Nimewahi kumhudumia mzee mmoja, simtaji jina wala ugonjwa wake, nyie mnajua taratibu za kazi yetu. Usiku alikuwa hapati usingizi, akawa ananisimulia uwindaji. Akaniambia baba yake, kila mwaka wa majike, alikuwa ananunua kibali cha jike kwa pesa yake mwenyewe, halafu anakichana na kukitupa motoni, ili kibali kimoja kipungue mikononi mwa wengine. Si yeye peke yake, wengi walifanya hivyo. Walikuwa maskini, na bado walilipa ili jike aishi. Hao hawakuwa watu wabaya, Baba Mkubwa. Walikuwa wanatii walichofundishwa.

Mimi kama muuguzi nikamwelewa vizuri. Kuna dawa za steroidi, mnazijua, mgonjwa wa pumu akizidiwa zinamwokoa. Lakini zikiendelea miaka na miaka zinaharibu mifupa, zinapandisha sukari. Na ukizikata kwa siku moja baada ya mwili kuzizoea, unaweza kumuua mgonjwa. Sheria ya 1907 ilikuwa dawa nzuri ya mgonjwa wa 1907. Kosa lilikuwa kuiacha iendelee bila kuipima, halafu kuikata ghafla. Baada ya 1928 na 1938 wawindaji hawakuiamini tena Tume, na hali hiyo haikupona kwa miaka mingi.

Basi yakafuata maelewano ya nusu nusu, na hapa tunafika kwenye suala la wakati. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa hivi: madume kwanza, wiki mbili. Tangu 1963 msimu ulifunguliwa Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo, watoto wakaenda na baba zao msituni. Madume wakishamalizika, ndipo majike, siku tatu tu, katikati ya Desemba. Kibali cha jike ulikiomba kwa posta, kwa bahasha ya rangi ya pinki iliyotumwa kwa mhazini wa kaunti.

Siku tatu! Tena za mwisho. Kulungu wamekimbizwa wiki mbili, wamejificha na kuwa wajanja. Wawindaji wamechoka na wamerudi kazini. Na siku hizo tatu ikipiga theluji kubwa au mvua ya barafu, watu hawatoki, na mpango wa mwaka mzima umekwisha. Majike wote waliokusudiwa kupunguzwa wanaingia kwenye baridi wakiwa hai, wana mimba, wana njaa. Kulungu mmoja anahitaji kilo mbili hadi tatu za matawi kwa siku. Zidisheni kwa miezi ya baridi.

Wataalamu hawakunyamaza. Mwaka 1950 Roger Latham wa Tume aliandika kijitabu kizima kuhusu tatizo la kulungu wa Pennsylvania. Kuanzia karibu 1980, watafiti wa misitu wa serikali kuu walizungushia uzio vipande vya msitu kaskazini magharibi mwa jimbo, vya hekta 65, wakaweka kulungu kwa viwango tofauti, kutoka 4 hadi 25 kwa kilometa ya mraba, wakaviangalia kwa miaka kumi. Kadiri kulungu walivyozidi, aina za miche zilipungua, na palipokuwa na kulungu wengi kupita kiasi palibaki jamii ya feni na miti michache wasiyoipenda. Hata ndege wanaojenga viota kwenye vichaka walipungua. Yaani msitu unauona wa kijani, kumbe hauna watoto. Miti mizee ikianguka hakuna wa kurithi.

Mwaka 1999 kazi ya kulungu akapewa Gary Alt, mtaalamu aliyependwa sana jimboni kwa utafiti wake wa dubu. Akazunguka kumbi za miji na vijiji akiwaeleza wawindaji haya ninayowaeleza. Mwaka 2001 mageuzi yakaja: ule msimu wa siku tatu za mwisho ukaondolewa, na madume na majike wakawindwa pamoja kwa wiki mbili zote. Ukaongezwa pia msimu wa Oktoba wa wasio na pembe kwa wenye magobore. Ndiyo, magobore kama yale ya babu zetu, ya kushindilia baruti mdomoni! Mwaka 2002 likaongezwa sharti la kuwaacha madume wadogo wenye pembe changa wakue. Siku ziliongezeka na vibali viliongezeka, na mwaka huo 2002 waliuawa kulungu 517,529, na kati yao 352,113 walikuwa wasio na pembe.

Kwa nini Oktoba na mwanzo wa msimu ni bora kuliko mwisho? Nimejifunza sababu hizi.

Kwanza ni chakula. Jike aliyetolewa Oktoba ameacha matawi yake yote ya baridi kwa wenzake. Aliyetolewa Januari ameshakula sehemu kubwa.

Pili ni watoto. Hili ndilo lililonigusa mimi, nikamuuliza jirani bila kificho: na ndama wake je? Wale waliozaliwa Juni, ikifika Oktoba na Novemba wameshaacha kunyonya na wanajilisha wenyewe. Ungeua mama Julai ungekuwa umeua wote. Ndiyo maana hakuna msimu Julai.

Tatu ni pembe. Madume wanaanza kudondosha pembe baridi ikikolea. Ukichelewa mno, unamlenga "jike", ukifika karibu unakuta ni dume aliyedondosha pembe, tena yule mkubwa uliyekuwa unamtunza. Na madume wachanga hawana pembe za kuonekana, kwa hiyo mwindaji inabidi atulie, atazame umbo la kichwa, asikurupuke.

Nne ni hali ya hewa. Ukiwa na wiki mbili, dhoruba ya siku mbili haikumalizi.

Sasa msidhani watu walishangilia. Ilifika mahali Gary Alt akavaa fulana ya kuzuia risasi kwenye baadhi ya mikutano. Kwa sababu ya kulungu! Mwisho wa 2004 akaacha kazi. Na niwe mkweli, malalamiko hayakuwa ya kijinga yote. Kwenye misitu ya umma ya kaskazini, mtu aliyezoea kuona kulungu thelathini kwa siku akawa anarudi jioni hajaona hata mmoja. Alitaka mwanawe wa miaka 12 aone alichoona yeye. Ukimwambia msitu unapona, anakuuliza utapona lini, yeye ana miaka 70. Kuanzia 2008 Tume ikarudisha katika baadhi ya maeneo utaratibu wa kuanza na madume peke yao kwa siku chache, ikapanua maeneo hayo mwaka hadi mwaka. Halafu polepole ikageuka tena, na 2021 jimbo zima likarudi kuwinda pamoja. Hata ile Jumatatu ilihamishiwa Jumamosi mwaka 2019, na bahasha za pinki zilikoma 2023. Juu ya hayo kukaja ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, unaoharibu ubongo na hauna tiba, uliogunduliwa Pennsylvania mwaka 2012. Hofu yake imeongeza sababu ya kutoruhusu wasongamane.

Yule mzee wangu nilimuuliza: na wewe, uliwahi kuua jike? Akakaa kimya muda, nikadhani amelala. Akasema, "Mwaka 2001. Nilikuwa na miaka 64." Alisema alimbeba hadi kwenye gari akiona kama baba yake anamtazama. Nyama nusu aliipeleka kwenye ule mpango wa hapa ulioanza 1991, ambapo wawindaji wanatoa nyama kwa ajili ya wasio na chakula. Miaka mingi baadaye alirudi pale pale akakuta miche ya mialoni inamfika kiunoni. Hakusema zaidi, na mimi nilikuwa na dawa za saa sita za kugawa.

Baba Mkubwa, sasa nakugeukia wewe, na unisamehe kama nitagusa kidonda. Nakumbuka 2009 Longido, ule ukame. Nilikuwa nasubiri kuanza masomo ya uuguzi, ulinituma nikahesabu ng'ombe. Mwezi wa sita yule mnunuzi wa Namanga alikuja, akataka mitamba kumi na miwili kwa bei nzuri. Ukamwuzia madume matatu tu, ukasema mitamba ndiyo zizi. Kila mzee pale alisema umesema vyema. Ilipofika mwezi wa kumi, mitamba tisa kati ya wale walikuwa mizoga, na waliobaki tulikuwa tunawainua kwa mikono, watu wanne kwa ng'ombe mmoja. Hakuna aliyekulaumu wakati ule na mimi sikulaumu leo. Mwaka wa mvua ulikuwa sahihi kabisa. Najua pia ng'ombe si kulungu: ng'ombe ni maziwa, ni ada ya shule, ni mahari, na ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye zizi hilohilo. Lakini majani yalikuwa yanatosha idadi fulani tu, na sisi tulikataa kuchagua mapema, tukiwa na bei mkononi. Kiangazi kikachagua kwa ajili yetu, na hakikulipa kitu.

Ndiyo maana siku ile nilishindwa kukujibu. Si kwamba neno lako ni la uongo. Lilikuwa la kweli Pennsylvania mwaka 1907, na lilikuwa la kweli Longido miaka mingi. Ninachouliza ni tunajuaje kwamba mwaka umebadilika, na nani anathubutu kusema mbele ya wazee kabla majani hayajaisha.

Haya, nimeandika mpaka chai imepoa. Jirani ameniletea kipande cha paja, nitakipika na nazi ya kopo, nitawaambia imekuwaje. Mama, usiruke dawa ya presha hata kama unajisikia vizuri. Mdogo wangu, bunduki sahau, soma. Na wewe Baba Mkubwa, Jumapili nitapiga saa mbili usiku za huko. Uniambie mvua za vuli zimekujaje, na zizini wamebaki wangapi.

Nawapenda wote.